Hapa Hatuulizi Jina

Tarehe 6 Januari

Kitindamimba wangu,

Hujambo mama? Mimi mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Magoti hayana neno, tumbo halina neno, na mdomo ndio kabisa, waulize majirani. Tatizo macho. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kushoto na kulia, na nafasi ikipatikana atanipasua. Nimemwambia nimeshazaa wa kutosha, amtoe tu. Hakucheka. Hakuniahidi pia kwamba nitaona vizuri tena.

Pamoja na barua hii pokea mashati thelathini na mawili ya wale watu wenu wa Alhamisi, wasio na makao, mnaowapa supu kanisani. Nimeyashona kwa mabaki ya sare za shule, ndiyo maana kola nyingine zina rangi yake na shati lina yake. Wakicheka waache wacheke. Vifungo havitakatika, hilo mimi nasimama nalo.

Sasa niseme kilichonikalisha hapa. Ni kaka yako. Dereva mmoja wa lori anayemfahamu tangu utoto ameniambia alimwona huko mjini kwenu, amekonda, anaokota makatoni. Wewe ulikuwa na miaka sita alipoondoka, yeye kumi na tisa, na nilikwambia amekwenda kutafuta kazi. Nilikudanganya. Wazee wa kanisa walimsimamisha mbele ya watu, yeye na rafiki yake fundi redio, wakawashtaki kwamba wanapendana kama mke na mume. Yeye hakukana. Mzee wa kanisa akasema, anayekubali atengwe asimame. Nikasimama, mwanangu. Wa kwanza kabisa, na joho la kwaya nililolishona kwa mikono hii. Aligeuka akaniona. Akatoka kwa mlango wa pembeni, na leo ni miaka ishirini na moja.

Nataka nimwombe radhi nikiwa bado nauona uso wake. Mengine yote nimemwachia Mungu, hili siwezi. Kanisa lenu nimelisema sana, kwamba halina mlango wala komeo. Basi kama yumo mjini atapita kwenu. Mtafute.

Mama yako


Tarehe 28 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na watoto ninaowafundisha hawajambo isipokuwa mafua. Pole kwa macho. Mwambie daktari aongeze kucheka kwenye dawa zake.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikalia. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo. Namkumbuka mabega tu, alivyokuwa akinibeba nikishika masikio yake. Uso sina.

Lakini mama, kumtafuta kwa kuulizia ndicho kitu kisichowezekana hapa kwetu. Nikueleze. Ukumbi wetu zamani ulikuwa ghala la viatu. Kila Alhamisi tunaufungua kuanzia asubuhi: kuna bafu mbili, kinyozi, muuguzi, supu na mkate. Mlangoni kuna ubao niliouandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: KARIBU. HAPA HATUULIZI JINA. Mwanzoni tulikuwa na daftari la majina. Siku moja polisi wakaja wakalichukua, na wiki iliyofuata watu saba hawakuonekana. Ndipo usharika mzima ukapiga kura tusiulize jina tena, hakuna aliyepinga. Nilitokwa na machozi siku ile. Nilisema hili ndilo kanisa. Kwa hiyo nitaangalia, mama, nitaangalia sana, ila siwezi kumuuliza mtu wewe ni nani.

Mashati yamependwa! Yupo mzee mmoja tunamwita Mzee Vikombe, kwa sababu akimaliza supu haondoki mpaka aoshe vikombe vyote, nami napangusa. Mtu wa kimya, miaka sitini hivi, kikohozi kibaya, ukucha wa kidole cha shahada umepasuka katikati. Alichukua shati la kijani lenye kola ya kijivu. Akaligeuza, akatazama vifungo kimoja kimoja, akaniuliza nani kashona. Nikamwambia ni mama yangu mzazi. Akasema, "Bado anashona kwa taa ya mafuta? Mwambie aache, ataharibu macho." Basi nimekufikishia salamu za watu, ukatae mwenyewe.

Tangu hapo tumekuwa marafiki. Ananiuliza habari zako kila Alhamisi. Wiki iliyopita aliweka kikombe chini, akasema, "Dada, kuna jambo nataka nikwambie juu yangu." Nikamshika mkono nikamwambia, "Mzee, hapa huna haja ya kujieleza kwa mtu. Tunakupokea hivyo hivyo ulivyo." Akakichukua kile kikombe, akaendelea kuosha. Natamani ungeuona uso wake. Hizi ndizo siku ninazojua kwa nini Mungu ameniweka hapa.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Mama,

Shikamoo tena. Kimya chako kinanitia wasiwasi. Umeshapasuliwa? Kama barua yangu ilikuudhi, nitukane kwa maandishi, nitafurahi.

Kaka bado sijamwona. Kila mwanamume wa miaka arobaini anayeingia namtazama mabega, mpaka wengine wanadhani nina nia nao.

Alhamisi Mzee Vikombe alianguka mlangoni petu, damu ikamtoka kinywani. Gari la wagonjwa likamchukua. Kesho yake akaja mhudumu wa hospitali kutuuliza jina lake. Nilimjibu kwamba hatulijui, nikamwonyesha na ubao. Akasema, "Dada, mimi nataka kujaza fomu tu." Mchungaji wetu akamwambia Mungu anamjua kwa jina. Yule mhudumu aliondoka anatikisa kichwa, nasi tukacheka kidogo, Mungu atusamehe.

Nilitaka niende Jumamosi kumwona, lakini tuna wageni kutoka makanisa mengine. Wamekuja kujifunza namna tunavyoendesha huduma hii na mimi ndiye ninayewatembeza. Wakiondoka Jumatano, nitakwenda.

Niandikie.

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Hii barua nimempa dereva wa basi mkononi, posta siiamini.

Nilipasuliwa tarehe ishirini na saba Januari, wakanifunga bandeji macho yote. Jicho moja likaingia usaha, wiki nne zikawa sita. Barua zako zilikuwa chini ya mto wangu. Jirani alijitolea kunisomea nikamkatalia. Nikasema barua ya mwanangu haisomwi na mtu mwingine, nitaisoma mwenyewe. Kiburi kile kile. Leo asubuhi wamenifungua. La kushoto limekufa, la kulia linaona.

Ni yeye! Ukucha ule ulipasuka kwenye cherehani yangu. Alikuwa na miaka saba, alikuwa amekaa mapajani pangu namfundisha kushona, akaingiza kidole chini ya sindano. Na taa ya mafuta nani anaijua huko kwenu? Nimeiacha mwaka wewe ulipoanza shule. Anayeijua ni mtu aliyeondoka kabla. Miaka sitini! Ana arobaini, mwanangu. Arobaini na mmoja Agosti.

Sikulaumu. Nadanganya, nakulaumu, lakini nitaacha. Mtu anaweka kikombe chini anasema nina jambo nikwambie, unamwambia huna haja? Kuuliza si ujinga, mama. Sisi kanisani kwetu tulimuuliza mno, ninyi hamkumuuliza kabisa.

Nimekwenda posta nikapiga simu ya ofisi ya kanisa lenu mara nne. Inalia mpaka inakata. Acha watoto, acha wageni, kimbia hospitali. Mwambie mama anakuja. Daktari kanikataza safari mpaka katikati ya mwezi ujao, nisije nikapoteza na hili lililobaki. Mwambie nilisimama siku ile na sijakaa tangu hapo. Atajua.

Mama yako


Tarehe 23 Machi

Mama,

Shikamoo.

Sijui niandikeje. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, nawe usome ukiwa umekaa. Simu ya posta naijua, ipo mbele ya foleni ya watu, nisingeweza kukwambia pale.

Kaka amefariki. Alifariki Jumatatu tarehe kumi na tisa Februari, siku ile ile niliyokuandikia. Nilipokwenda Alhamisi ya wiki hiyo, niliambiwa tayari. Nikasema tumzike sisi kanisa. Karani wa chumba cha maiti akasema mwili hutolewa kwa ndugu. Akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake?"

Nikasema hapana.

Hospitali ilisubiri wiki tatu kama sheria inavyotaka, kisha watu wa manispaa wakamzika, tarehe kumi na mbili Machi. Barua yako dereva alinipa tarehe kumi na tisa, basi liliharibika njiani. Hata kama lisingeharibika, mama, usijisumbue kuhesabu. Mimi nimeshahesabu usiku na mchana, hakuna siku inayobadilisha kitu ila ile Alhamisi ya vikombe.

Nilirudi hospitali na barua yako. Nikampata muuguzi aliyemhudumia. Alisema siku mbili za mwanzo alikuwa na akili zake. Walimuuliza jina akasema, "Nendeni pale kanisani. Kuna dada ananijua. Akitaka kunitaja, atanitaja." Ndipo wakamtuma yule mhudumu.

Nimeandika sentensi hiyo na bado nipo hai, sijui kwa nini.

Makaburi yapo nyuma ya kiwanda cha matofali. Ni vigingi vya chuma vyenye namba. Chake ni 318. Mchungaji tulikwenda naye. Alijaribu kuomba akashindwa, akakaa chini kwenye udongo na suti yake.

Jumatano nililing'oa ubao. Watu waligombana kwenye ibada ya jioni ile, kanisa letu lisilogombana. Wengine wakasema nimekosea, na Alhamisi nikaona kwa nini. Nilisimama mlangoni nikasema, "Karibu, unaitwa nani?" Watu kumi na wawili wakageuka wakaondoka, pamoja na mama mmoja anayemkimbia mumewe, na watoto wake wawili bila kuoga wala kula. Sijui njia, mama. Nilidhani nilikuwa naijua.

Muuguzi alikuwa ameweka nguo za kaka kwenye mfuko, hakuwa na moyo wa kuzichoma. Nakutumia shati. Sijalifua. Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Usijibu. Najua. Mimi nakula, jirani ananisimamia kama askari.

Barua yako ilitangulia, shati limefika Ijumaa. Nililiweka mezani siku mbili bila kuufungua mfuko. Leo nikaufungua, nikalipeleka dirishani kwenye mwanga, nikalitazama kwa jicho nililobakiwa nalo.

Kifungo cha tatu sicho changu. Changu kilikuwa cheupe, hiki ni cheusi, cha koti. Kumbe kilikatika, nami nilikuapia havikatiki. Akakishona mwenyewe. Uzi ni wa gunia, lakini mshono ni wangu: mara nne kupita, kisha uzi unazungushwa shingoni mwa kifungo, fundo linafichwa chini. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Marehemu mama yangu alinifundisha mimi, mimi nikamfundisha yeye siku ile aliyopasuka ukucha. Alilia, nikamfunga kitambaa, akasema tuendelee.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani kwetu. Mzee wa kanisa alikuwa anasoma matangazo. Sikungoja aniruhusu. Nikasema jina la mwanangu, na la baba yake, na la babu yake, nikasema amekufa, nikasema mlimtenga na mimi ndiye niliyesimama wa kwanza. Nikasema nani yuko tayari kumrudisha, asimame. Nilingoja sana. Walitazama vitabu vya nyimbo. Mwisho akasimama mke wa kinyozi wa huku kwetu, yule kizee asiyesikia, nikadhani amenielewa. Alikuwa anataka kwenda nje. Nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Usijiue kwa mawazo. Wewe hukumfukuza, ulimpa supu na shati na ukapangusa vikombe naye, na alijua wewe ni nani. Alhamisi baada ya Alhamisi alikaa na dada yake. Mimi sikupata hata moja. Lakini sitakuambia kwamba huna kosa, maana ungejua nakudanganya, na nimeshakudanganya miaka ishirini na moja.

Huo ubao, mwite mchungaji mkae mfikiri. Mimi ni fundi cherehani. Ila huyo mama na watoto wake, mtafute. Mtafute leo.

Nimetafuta kwenye barua zako neno lolote alilosema kunihusu. Nimepata moja, ulilileta mwenyewe kabla hatujajua: niache kushona kwa taa, nitaharibu macho. Nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Sijui kama mtu ambaye hajasamehe anaweza kumwonea mtu huruma ya macho. Huenda anaweza. Wa kumuuliza hayupo.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nitaleta kitambaa cheupe nilichodarizi majina yake, yote matatu, tukifunge kwenye hicho chuma. Nimeyadarizi mchana, karibu na dirisha, kama alivyosema.

Mama yenu