Chumba cha Wawili Mlimani

Baba Anwar,

Chai iko kwa thamosi, mandazi yako chini ya sahani. Nimeenda Kawangware kwa Sella wa mitumba. Amefungua beli ya jaketi za baridi, nataka aniwekee ~~moja~~ mbili.

Asubuhi umeniumiza. Fahima mjukuu wetu ametutafutia chumba kwa hiyo hoteli kubwa ya mlima wa theluji anakofanya kazi, wiki nzima mimi na wewe, na wewe unamwambia kwa simu, "Watu wazima wavae mbao miguuni wateleze? Mimi huteleza bure hapa Soweto West kila mvua!" Nilicheka. Kisha ukasema, "Nyanya yako aende na dadake Sabah." Hapo sikucheka.

Nani amesema tutateleza? Nataka tukae dirishani na blanketi moja, tuangalie wengine wakianguka.

Kitendawili: hunyesha usiku kucha na bati lisijue. Ni theluji, Fadul. Miaka arobaini mvua ikipiga bati letu tunanyamaza, maana hatusikizani. Kule itaanguka polepole huko nje, na wewe unaniongelesha.

Fahima anangoja jibu kabla ya saa kumi. Mpigie wewe. Ukikataa, usisingizie magoti. Sema tu huna la kuniambia.

Mama Anwar