Maji ya Kisasa ya Sista Neema

Jumatatu, Sinza.

Kosa ni langu, nitamsingizia nani? Mie ndiye niliyemshauri sista Neema, mhariri wa video za harusi, aweke maji ya kisasa ya kupozea kompyuta, yenye chembechembe za madini zisizoonekana kwa macho. Yanataka kuzunguka kila siku. Nikasahau Kwaresima: hakuna ndoa, mashine ikazimwa wiki zote, chembe zikatuama na kuziba mirija.

Leo kaanza kuhariri harusi ya kwanza baada ya Pasaka, kompyuta ikachemka, ikazima.

“Fundi, nimwambieje bibi harusi?”

“Mwambie nayo ilifunga Kwaresima.”

Hakucheka. Nimesafisha mpaka mgongo umekufa ganzi, nikarudisha maji ya kawaida. Ikawaka.

“Asante, kaka. Usingekuwepo sijui ingekuwaje.” Akaniletea soda.

Nisingekuwepo, isingeziba. Nilitaka kumwambia, ila nika… nikanywa soda yake.