Spiriti ya Kinyozi

Jumatatu

Mwanangu mke wa mwanangu,
Salamu. Mimi mzima kama chuma, sijui nyie huko wodini. Mumeo kaniambia daktari anataka kumtoboa mjukuu wangu mgongo, ati atoe maji. Maji yapo bombani. Kipele kimoja begani, mgongo umekosa nini? Na kile kijiti cha pamba walichomfutia si kimesema hamna kitu? Nilisema mimi. Nimenyoa mahakimu, sijakata hata sikio. Mumeo asisaini.
Baba mkwe wako, Kinyozi

Jumatatu jioni

Shikamoo baba,
Sisi si wazima. Mtoto amekataa ziwa, amelegea kama kitambaa. Si kipele, ni malengelenge, na kwa mtoto mchanga virusi vyake hufika hadi ubongoni. Kijiti hakikukuta kitu kwa sababu kabla hatujatoka nyumbani ulilifuta lile lengelenge kwa spiriti yako, ukasema mjukuu wa kinyozi haendi kwa watu na uchafu. Maabara wapime nini, harufu? Dawa wameanza kumpa mshipani, ila maji ya mgongo ndiyo yatakayosema kama ubongo umeguswa na dawa iendelee hadi lini. Mwanao ameshika kalamu, anangoja neno lako. Halafu, lile lengelenge la mdomoni pako limepona? Ulimbusu nalo.
Mkweo

Jumanne

Mwanangu,
Marahaba. Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Mwambie mumeo asaini, aache kuduwaa na kalamu. Anayetoboa asiwe na mkono wa kutetemeka. Mimi ningetoboa vizuri zaidi.
Kinyozi

Ijumaa

Shikamoo baba,
Amenyonya. Maji ya mgongo hayana virusi. Lengelenge jipya, ambalo hakuna aliyelifuta, ndilo lililokuwa navyo. Dawa inaendelea. Wewe usije kwanza.
Mkweo

Jumamosi

Mwanangu,
Marahaba. Siji. Nimekwenda zahanati nikapimwe mdomo. Muuguzi, binti mdogo, akaniuliza kama nimepaka kitu. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, fanya kazi yako. Chupa ya spiriti niliiacha kabatini, na mkono uliniwasha njia nzima.
Mkirudi nitamwangalia nikiwa mlangoni, mpaka wewe useme nisogee.
Babu yake