Yaya Masika, turbo yako inaimba tena

Yaya Masika mupenzi, dada yangu mukubwa ule wa Kampala,

Kama unakamata sindano, weka chini kwanza. Turbo yako inaimba. Hapana kukohoa, hapana kupumua kama muzee mwenye pumu: inaimba, na batu ba Butembo banaisikia mupaka kule kwa kanisa. Miye njo nilifanya. Miye Kasereka, ule ulisema hawezi kufunga hata kifuniko cha sufuria.

Unakumbuka siku tulitoa gari yako matumbo? Basoda, bale askari, balikuwa banapita parcelle kwa parcelle, nyumba kwa nyumba, banakamata kila gari yenye kutembea. Na ya kwetu haikuwa ya kubeba makabichi. Ilikuwa gari ya course, ya mashindano, nyekundu, ile ulipanda nayo kilima siku ya sikukuu ukaacha bavulana ba Beni banakula vumbi. Tuliondoa turbo, ile feni ya kusukumia moteri upepo, pamoja na collecteur, ule muguu wa chuma wenye matundu ine unaokamata moshi ya moto kwa moteri na kuisukuma ndani ya turbo. Tukabitia ndani ya gunia ya viazi, bikapanda lori mupaka Lubero kwa Koko, bibi yetu. Commandant wabo alipofika akawasha, moteri ikabweka, ikatema moto pembeni kama imbwa ya kichaa. Akaruka inje, kofia ikabakia ndani. Nilicheka, ukanifinya mupaka leo nasikia. Akasema gari imekufa. Lakini akakuangalia wewe, akauliza kama ni wewe chauffeur, na asubuhi yake, mbele bakukamate ubaendeshee, ulikuwa umekwisha kuvuka mupaka ya Kasindi, kuingia Uganda. Sikukuaga vizuri, yaya. Nilikuwa natania viatu vyako.

Basoda bale bameenda. Kisha akafika Papa Kakule, mufanyabiashara ya cacao wa Beni, anataka kununua gari kama bati ya zamani. Papa yetu alichoka nayo. Akaniambia gari bila turbo ni kibanda ya kuku, na ukweli ni kwamba kuku walikuwa wanataga kwa kiti ya nyuma. Nikamuomba juma moja. Akasema sawa, lakini Jumamosi ikikuta gari bado bubu, Papa Kakule anaivuta na kamba.

Nikashuka Lubero, nikarudia na gunia. Koko alikuwa ameongeza viazi juu, akadai chuma kinapenda kampani.

Sasa sikiliza vile mudogo wako alianza: vibaya. Sikutengeneza joint, ile bati nyembamba ya kuziba katikati ya vyuma mbili, juu nilijiona mujuaji. Nilichukua pâte, gundi ya kuziba, nikaipaka kati ya collecteur na culasse, kichwa ya moteri, kama bibi-arusi anapaka mafuta, nikakaza boulon, zile bolti, moja moja kutoka pembeni, na hasira yangu yote. Tukawasha. Ikafanya tsi-tsi-tsi kila upande, pâte ikaungua, ikanuka, na turbo haikusema hata neno. Rafiki yangu Mbusa akauliza kama tunapika moteri ao tunaitengeneza. Nikafungua, nikakuta kipande ya pâte iliyokauka iko karibu na mulango ya turbo. Kingeingia kidogo tu, mabawa ya turbo yangevunjika. Kwa Mbusa nilisema nilijua.

Hapo njo nikakukumbuka, pale kwa meza yako ya kushona. Batu balicheka mushonaji anayetengeneza moteri, na wewe ulikuwa unakata joint kama unakata kola ya shati. Nilifanya vile vile. Nililaza collecteur juu ya kioo ya dirisha na muchanga laini na mafuta, nikaisugua siku mbili mupaka uso wake ukawa sawa. Nikaweka kartoni ya calendrier, kalenda ya mwaka jana, juu ya matundu, nikagonga pole pole na nyundo pembeni mupaka umbo likajikata lenyewe. Hiyo njo patron yangu, kielelezo ya kukatia. Nikakata shaba nyembamba kwa ile patron, na makasi yako. (Yaya, makasi imekufa. Nitakuambia siku ingine.) Shaba nikaichoma mupaka ikawa nyekundu, nikaitupa kwa maji ikawa laini. Halafu, wakati wa kukaza boulon, nikasikia sauti yako kabisa nyuma ya shingo: "Anza katikati, enda inje. Kaza kidogo kidogo, mutoto, chuma haigombani na wewe."

Tukawasha, Mbusa akaziba exhaust, tundu ya kutokea moshi, na kitambaa, miye nikapaka povu ya sabuni kwa kila joint. Hapana hata povu moja ilivimba. Tukaacha moteri ipate moto, ipoe, nikakaza tena. Kuku nikawafukuza bila huruma.

Jumamosi Papa Kakule akafika na kamba yake. Nikamuambia apande. Tukapanda kile kilima chako, na pale kwa kona ya juu turbo ikafungua mudomo. Mukono moja alishika mulango, mukono ingine rozari. Nikageuka nikutanie, juu kwa hii gari pembeni yangu ni wewe kila siku, nikakuta ni yeye. Hapo njo nililia kidogo. Nilimuambia ni vumbi.

Na angalia ujinga wangu: niliitengeneza vizuri kupita kiasi. Papa Kakule alipotelemuka, hakusema tena bati. Akataka kulipa bei ya gari nzima, muzuri, ili mutoto wa ndugu yake akimbie nayo course huko Beni. Papa yetu akamuambia: "Gari ni ya Masika. Mwenye usukani njo anasema."

Papa Kakule anarudia siku ya Mungu, Jumapili yenye kuja, misa ikiisha. Chauffeur anayekuletea hii barua anangoja jibu lako, usimuache aende na mikono mitupu.

Papa yetu aliniambia niandike mistari mbili tu: mutu wa Beni anataka gari, unauza ao hapana. Akakataza nisivute mizani upande wangu hata kidogo. Yaya, nimeikalia na makalio yote mbili. Sema hapana. Barabara ya Kasindi inapitika sasa, na hakuna mutu hapa anayejua kunifinya.

Miye, mudogo wako mwenye akili,
na mafuta kwa masikio