Mke Wangu Alikuta Ukuta wa Chumba Chetu kwa Daktari wa Meno

Mpendwa mshauri, pole na kazi, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi katikati ya chumba cha kulala ambacho kwa sasa nalala peke yangu, na nakuomba usinicheke mpaka umalize kusoma, ukishamaliza cheka, wengine wote wamekwisha kucheka.

Mimi ni fundi rangi, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na kama ujuavyo kila kazi ikiisha hubaki rangi kidogo kwenye kopo, mteja anasema fundi hii ondoka nayo, mimi naibeba nyumbani, na hivyo ndivyo nyumba yangu ilivyopakwa, sebule ni ya wakili mmoja, korido ni ya shule ambako mke wangu ni karani, ndiyo maana hulalamika kwamba anatoka kazini anaingia kazini, jiko nusu ni la duka la dawa na nusu ni la msusi kwa sababu ya duka la dawa haikutosha, na sikuona ubaya wowote maana ni rangi nzuri zilizochaguliwa na watu wenye macho.

Sasa chumba cha kulala. Miaka minne iliyopita mke wangu alikwenda kumuuguza mama yake miezi mitatu, nikataka akirudi akute chumba kipya, nikakipaka buluu iliyopauka, ile inayoelekea kijani, aliporudi akasimama mlangoni na begi mkononi akauliza, "Fundi, hii umeitoa wapi?" nami nikamjibu, "Nimekuchagulia wewe," Mungu anisamehe, neno lilitoka tu, akakaa kitandani akalia, kisha akawapigia simu dada zake mmoja mmoja kuwaambia mume wangu amenichagulia rangi.

Mwezi uliopita akaumwa jino, akaenda kwa daktari, akaketi kwenye benchi la kusubiri, akainua macho, akaona ukuta wetu. Wetu kabisa, hadi ule mstari mweupe wa juu. Alirudi shavu limevimba, mdomoni pamba, hawezi kusema, mimi nikadhani ni maumivu nikamkorogea uji mwepesi, na kesho yake pamba ilipotoka maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Jana nimeng'olewa jino chumbani kwangu."

Nikajitetea, nikasema rangi haina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuwa na buluu, akaniuliza kwa upole, na upole wa mke wangu ni wa kuogopwa, "Uliponiambia umenichagulia, ulichagua nini?" kisha akabeba mto wake akahamia chumba cha binti yetu aliye chuoni, akasema hataki kuombwa radhi wala zawadi, anataka kitu kimoja. "Kipake rangi unayoipenda wewe. Si ya mteja, si ya kwenye simu. Miaka ishirini nakupikia, nakufulia, sijui unapenda nini."

Ndiyo shida yangu mshauri, hata mimi sijui. Nilikwenda duka la rangi, muuzaji ananijua, akaniuliza, "Leo mteja nani?" nikasema ni mimi, akasema, "Najua ni wewe, mteja nani?" nikaishika ile kadi ya rangi ambayo nimewasomea mamia ya watu, nikaigeuza mbele nyuma nusu saa, nikaondoka na msasa. Kaka yangu akasema paka nyeupe, nyeupe haigombani na mtu, fundi mwenzangu akasema kijivu, siku hizi ndiyo mtindo, nikachungulia kwenye simu na huko kila nyumba ni pacha wa nyingine. Nikapaka viraka vitatu ukutani nione, mama watoto akapita na beseni la nguo, akasimama, akanyoosha kidole. "Hiki cha mwenye hoteli. Hiki cha shemeji. Hiki cha tatu simjui mwenyewe, ila si wewe." Akaenda zake kuanika.

Nadhani ni kazi imeniharibu. Mteja akiuliza fundi unaonaje, mimi nasema inapendeza, nimesema inapendeza kwa zambarau ya chooni, ukisema kweli kazi inakwenda kwa mwingine, sasa naona mahali pa kupendea pamekufa ganzi. Na nisikufiche, mimi si mwaminifu hata kwenye kazi hiyo hiyo, mwaka jana niliitwa kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu aliyehamia kwa mwanawe, watoto wake wakataka kila kitu krimu wapate kupangisha, jiko la yule mama lilikuwa manjano nzito kama binzari, haipo kwenye kadi yoyote, kazi ya nusu siku ikanichukua siku mbili, na nyuma ya kabati nikaacha kipande cha ukubwa wa sinia bila kukipaka, nikarudisha kabati, hakuna aliyejua, na ndiyo kazi mbaya pekee niliyowahi kuifanya makusudi. Nakuambia ujue unashughulika na mtu wa namna gani.

Binti anarudi likizo baada ya siku tisa, atahitaji chumba chake, na mama yake amesema siku hiyo atarudi kwetu au atakwenda kwa dada yake, itategemea ukuta, na huyu si mwanamke wa kutisha watu. Nifanye nini?

Fundi Asiyejua Rangi

*

Fundi,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Kwenye jino nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kusoma, naye akacheka. Sasa yameisha, tuseme.

Najua wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba rangi ya ukuta si jambo la kuvunja ndoa, na kwamba gazeti lina shida kubwa zaidi za kushughulikia. Waandike. Hao hao nimeingia sebuleni kwao mwaka huu nikadhani nimekosea mlango: kijivu, kijivu, kioo cha duara, maua ya plastiki kwenye chupa nyeupe, na kiti ambacho hakuna mtu wa nyumba hiyo amewahi kukikalia akapumua. Nikiwauliza wanapenda nini wananionyesha picha. Nikiuliza aliyepiga picha ni nani, hawamjui. Mtu usiyemjua, ambaye hatalala hapo hata siku moja, ndiye aliyewapangia nyumba, kisha wanasema ni mtindo wao. Mtu mzima anaogopa kupenda mto wa maua mpaka jirani aupende kwanza.

Wewe umewashinda. Wenzako wameazima macho ya mtu mmoja, wewe umeazima ya mji mzima, na ya duka la dawa yalipopungua ukaongeza ya msusi. Unajisifu kwamba rangi zako zilichaguliwa na watu wenye macho. Ya kwako uliyaweka wapi, Fundi?

Lakini usijidanganye kuhusu kosa lako. Hakuna mke aliyehama chumba kwa sababu ya rangi iliyobaki kwenye kopo. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za vitu vilivyobaki kwa wengine na tukazipenda. Ungemwambia, "Hii imebaki kwa daktari, nikakukumbuka," angekushukuru, na siku ya jino angecheka na pamba yake mdomoni. Wewe ulimwacha alie, ulimwacha awapigie dada zake, ukanyamaza miaka minne. Alipokuwa anawasifia watu mapenzi yako, alikuwa anasifia kopo. Hapo ndipo panapomuuma, na mimi niko upande wake.

Sasa nikuhurumie kidogo, kwa sababu barua yako inaonyesha mtu mwema asiyejisoma. Unasema mahali pa kupendea pamekufa ganzi. Nimeisoma barua yako mara tatu na nakukatalia. Kila rangi uliyoitaja umeipa mwenyewe wake: ya wakili, ya shule, ya msusi. Ile buluu ya chumbani uliieleza kama mtu anayejaza fomu. Ulipofika jikoni kwa yule mwalimu kalamu ikabadilika, ukatafuta mfano, ukaupata kwenye kikapu cha viungo. Kazi ya nusu siku ukaifanya siku mbili. Fundi wa miaka ishirini na mbili hasahau nyuma ya kabati. Mkono wako uligoma, Fundi, nawe ukaja kwangu kuungama mgomo huo kama wizi. Mimi ninavyojua, njia ya uhakika ya kugundua unachopenda ni kuangalia ulishindwa kufuta nini. Kadi ya rangi haitakusaidia, kaka yako ndiyo kabisa, mwache na nyeupe yake isiyogombana na mtu.

Basi sikiliza utakavyofanya, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo, mke wako akitoka kazini, kabla hujagusa brashi, mwambie, "Nilikudanganya." Weka nukta hapo. Usiongeze kwamba ulikuwa unabana matumizi, usiongeze kwamba rangi ilikuwa nzuri. Amesema hataki kuombwa radhi kwa sababu ameshazijua radhi zako, ni zile za inapendeza. Kisha msimulie jiko la mwalimu kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na kabati. Ukipaka ukuta kimya kimya atasimama na beseni lake aanze kukisia tena ni wa nani, na safari hii atakuwa na haki.

Kesho nenda kamtafute yule mwalimu huko kwa mwanawe. Mwambie wewe ndiye uliyelifunika jiko lake na kwamba umemwachia kipande. Muulize ile manjano aliichanganyaje. Nina hakika hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, na wastaafu wana muda. Beba daftari.

Kisha changanya kwa mkono wako, paka ukuta mmoja tu, uache ukauke, uutazame asubuhi, mchana na taa ikiwaka. Usimwite mtu akuambie unaonekanaje. Ukiona unapitia chumbani bila sababu, umeshapata jibu. Ukiona hupiti, tafuta kingine ulichowahi kushindwa kukifuta. Mtu wa umri wako hawezi kuwa na kimoja tu.

Na mwezi huu wote usitamke neno inapendeza, si kazini, si nyumbani, si kwa mtoto wa jirani aliyenyolewa. Mteja akiuliza unaonaje, mwambie unavyoona. Wawili watakukimbia. Wa tatu atakuja kwa sababu hiyo hiyo.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niweke barua chini. Umeandika karibu kila kitu kuhusu mke wako: upole wake, beseni lake, uji uliomkorogea. Hakuna mahali umeandika yeye anapenda rangi gani. Amekuambia hajui unachopenda, wewe ukashtuka, hukugundua kwamba na wewe hujui chake. Ukishamwonyesha ukuta wako, muulize. Muulize ukiwa umekaa, na umsubiri, kwa sababu huenda naye itabidi afikirie.

Inawezekana akasema binzari haifai. Jiko ni jiko, chumba cha kulala ni jambo lingine, na mimi mwenyewe, nikuambie kweli, sidhani kama ningelala humo. Hapo utasikia ulimi unakimbilia kukubali. Uzuie. Mwambie, "Mimi naipenda," na ukae hapo hapo. Mbishane mpaka chai ipoe, mbishane tena asubuhi. Ukishindwa, chukua ukuta mmoja, mpe kuta tatu, wala usinune. Ila ashinde akijua alikuwa anashindana na nani.