Alhamisi Watamwonyesha Yav

Ijumaa, 14 Novemba 1980

Maharagwe yamekataa kuiva. Makala ya kupikia yamelowa, mvua tangu saa tisa. Imla za darasa la nne nimesahihisha nusu, nusu nimeacha.

Saa kumi na mbili nyumba ilijaa kama kawaida. Watoto kwenye mkeka mbele, wanawake kwenye viti vidogo, wanaume nyuma wameegemea ukuta. Televizio ni yetu lakini mlango ni wa mtaa wote, avenue nzima. Ukiwa nayo hufungi. Ukifunga, kesho unaitwa mchawi.

Habari zikaanza. Kwenye kioo sura ya Rais ikashuka kutoka mawinguni, kama kila jioni, watu wakapiga makofi. Kapend, mume wangu, akapiga kuliko wote. Ndivyo anavyofanya tangu vita ya '78. Kisha mama mtangazaji akasema kwamba kwa heshima ya sikukuu ya mwezi huu, juma lijalo watarudisha vipindi vya zamani, kimoja kila jioni. Jumatatu mchezo wa kuigiza. Jumanne mpira. Jumatano mieleka. Alhamisi kwaya za vijana, zile walizopiga picha hapa Kolwezi mwaka 1973.

Kelele za furaha! Mama Bosenge, jirani, akasimama akacheza na mtoto mgongoni. Nikamtazama Kapend. Mikono yake ilikuwa imebaki hewani. Mama mkwe alikuwa anaitazama televizio na machozi yanamtoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijalala. Niandike wazi, labda kichwa kitatulia.

Kapend ana mdogo wake, Yav. Mwaka 1973 Yav alikuwa mwanafunzi mtaa wa Mutoshi, na alitoka kwenye mstari akaimba peke yake mbele ya kwaya, televizio ikampiga picha. Baada ya wimbo mtangazaji akamuuliza nani anamlipia masomo. Yav akamnyooshea kidole kaka yake kati ya watu: "Yaya wangu, ule pale, Kapend." Picha ikamgeukia Kapend. Mama mkwe amenisimulia kipindi hicho mara nyingi hata nakijua kwa mpangilio, kwaya kwa kwaya, ingawa mwaka ule mimi nilikuwa bado kwetu Kananga.

Mwaka 1978 waasi waliingia Kolwezi kutoka Angola. Waliporudi Angola, Yav aliondoka nao. Kwa hiari yake au kwa mtutu wa bunduki, hatujui. Askari wakaanza kuwahoji wafanyakazi wa mgodi, Walunda hasa kama Kapend, maana waasi wengi walikuwa Walunda. Una ndugu aliyekwenda nao? Kapend akasema sina ndugu, mama alizaa mimi peke yangu. Waliosema ninaye walipandishwa lori. Hawajarudi mpaka leo.

Tukahama Mutoshi, tukaja huku Manika, mtaa mwingine wa mji, ambako hakuna anayetujua. Kapend alichoma picha zote za Yav kwenye mbabula, jiko letu la makala. Mama mkwe alikaa akizitazama zikiungua. Hakumzuia. Kisha alikataa chakula mpaka tukadhani tutamzika.

Na Alhamisi wataonyesha uongo wetu nyumbani kwetu, kwenye kiti cha kona akiwa ameketi mume wa Mama Bosenge, Sitwayeni Bosenge, yaani Raia Bosenge kama tunavyotakiwa kuitana. Hasemi anafanya kazi gani, lakini kila mtu anajua ni mtu wa usalama. Haondoki bila kuuliza jambo.

Ninaogopa.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani sikusali, nilihesabu njia za kukimbia na zote zimeziba. Twende Sandoa kwa ndugu za mama? Inatakiwa ruhusa ya safari, na sababu. Tufunge nyumba? Televizio ziko nyingine mjini, watamwona tu, na watajiuliza kwa nini tumeondoka. Kapend anasema ataiharibu yetu. Angalau Bosenge asimwone akiwa anatutazama usoni.

Mama mkwe alisikia. Alikuja na mwiko mkononi.

"Mi nitaona sura ya mutoto wangu. Bakitaka kunifunga, banifunge."

Kapend akamwambia mama, watanifunga mimi, si wewe. Akajibu kwamba hata Kapend ni mtoto wake, lakini huyu anamwona kila siku. Kapend akatoka nje kwenye mvua bila koti. Nawaonea huruma wote wawili, na nimewakasirikia wote wawili.

Jumatatu, 17 Novemba

Mchezo wa kuigiza. Mume mlevi, mke mkali, mbuzi anakula barua ya mchumba. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mama Bosenge alikuwa anayasema maneno kabla ya waigizaji. Nilicheka na mimi, mdomo tu.

Bosenge aliuliza Kapend ni mtu wa wapi hasa. Kapend akasema wa Sandoa. "Na ndugu zako bako wapi?" Kapend akasema hana. Bosenge akatikisa kichwa, akasema pole sana, mtu bila ndugu ni taabu.

Pole ya nini? Kwa nini aulize leo?

Jumanne, 18 Novemba

Kapend amechomoa lampe moja, kijitaa cha ndani, nyuma ya televizio, ameitia mfukoni. Saa kumi na mbili watu walikuja kutazama mpira wakakuta giza. Ungedhani tumefiwa. Wanaume walishika vichwa. Mtoto mmoja alilia kwa sauti.

Bosenge akaja nyuma ya televizio na kibiriti, akachungulia kwenye matundu. Nilishika ukingo wa meza. Akasema tusijali, anamjua fundi, kesho atamleta. Avenue nzima haiwezi kulala bila kuona bitu bya zamani, alisema. Watu wakamshangilia.

Kapend hawezi kukataa. Nani anakataa kutengenezewa televizio bure?

Jumatano, 19 Novemba

Fundi alikuja mchana, Kapend yuko kazini. Bosenge akaketi kwenye kiti chake cha kona, akawasha sigara. Fundi akafungua mgongo wa televizio. Akaona tundu lisilo na lampe. Lampe ikiungua inabaki mahali pake, hata mimi najua. Haitembei.

Alilitazama tundu, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"Imeungua," alisema. Akatoa lampe kwenye mkoba wake, akaipachika, akafunga mgongo haraka. Picha ikarudi. Bosenge akasema bon.

Nilimpa fundi bukari, ugali wetu, na samaki, akala amesimama. Simjui jina. Mungu ambariki.

Jioni mieleka. Sikuona kitu.

Alhamisi, 20 Novemba

Shuleni nilifundisha somo lile lile mara mbili, watoto wakanyamaza kwa adabu. Kapend hakwenda kazini, amesema ana homa, na kweli anatetemeka. Mama mkwe ameoga, amevaa pagne, kitenge chake cha sikukuu, amepaka mafuta usoni. Nimemwomba kwa magoti asilie, asiite jina, asinyooshe kidole. Amekubali.

Mvua imeacha. Nilitamani inyeshe ikate umeme. Nasikia viti vinaletwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Niandike ya jana.

Bosenge alifika wa kwanza. Mama mkwe alikataa kiti, akaenda kuketi kwenye mkeka pamoja na watoto, pua karibu iguse kioo. Kwaya ya kwanza ya kanisa. Kisha wavulana wa Mutoshi, mashati meupe, picha imejaa chengachenga. Ubeti wa kwanza. Nyuso za wavulana, mmoja mmoja. Ubeti wa pili ndio wa Yav. Naujua, mama mkwe huuimba akitwanga sombe, kisamvu.

Picha ikaruka.

Wimbo ulikatika katikati ya neno, yakaingia makofi. Hakuna Yav. Hakuna swali, hakuna kidole. Mtu aliketi huko na mkasi akamtoa. Lakini Kapend hawakumtoa. Alikuwepo kati ya watu, mwembamba, nywele nyingi, amesimama peke yake, mikono juu ya kichwa, anapiga makofi huku analia kwa furaha. Wengine wote wameketi.

Nyumba ikalipuka. "Kapend! Ni we! Tazama nywele!" Watoto wakakigusa kioo. Kapend akajaribu kucheka.

Halafu Bosenge, kutoka kona yake, taratibu:

"Papa Kapend. Batu bote banaikala, we peke yako njo umesimama. Ulikuwa unapigia nani mikono?"

Kila mtu akageuka. Mama mkwe hakugeuka. Niliona lori. Naapa, niliona lori.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Mi! Muniulize mi! Ile kwaya ya banamuke inakuja, tulikuwa tunaingia, mi niko ndani. Njo ile siku alinionaka."

Vigelegele! Mama Bosenge alinipiga mgongoni nusura nianguke. "Kumbe! Mwalimu wetu ni wa televizio na anatuficha!" Na kwaya ya wasichana ikaingia kweli, asante simulizi za mama mkwe. Uko wapi, uko wapi? Nikaonyesha mmoja wa mstari wa nyuma ambaye chengachenga zilikuwa zimemfunika uso. Wakasema nilikuwa mwembamba jamani. Mwingine akasema Kapend alioa kijiti, sasa ana gunia la mahindi. Wakacheka, nikacheka, nikamtukana, wakacheka zaidi.

Bosenge alikitazama kioo, akanitazama, akamtazama Kapend. Akatabasamu. "Muke mwenye sauti," alisema. Hakuuliza tena.

Walipoondoka Kapend alikaa sakafuni. Anasema wanajua. Huwezi kumkata mtu kwenye picha kama humjui sura. Basi kuna aliyewaambia yule ndiye Yav, na anayemjua Yav anamjua yaya wake. Nikasema labda aliyekata ni mtu wa Kinshasa, anafuata amri tu, hamjui Kapend. Labda, alisema. Alisema labda kama mtu anayemkubalia mtoto.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakuna aliyekuja. Kila gari likipunguza mwendo kwenye avenue tunaacha kutafuna.

Asubuhi Bosenge alinisalimu kutoka ng'ambo ya ukuta. Akasema siku moja lazima nimwimbie wimbo ule wa 1973. Nikasema ndiyo, papa, siku moja.

Siujui wimbo wenyewe. Nimemwomba mama mkwe anifundishe. Amesema wa wasichana haukumbuki, anaukumbuka ule mmoja tu.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani tulikwenda wote, tukakaa nyuma. Kapend ameshika mkono wangu muda wote, jambo asilolifanya mbele ya watu. Jioni wataonyesha ngoma za zamani, ndiyo mwisho wa juma lao.

Baada ya chakula nilimkuta mama mkwe uani anachambua sombe. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimwambia, mama, umevaa pagne ya sikukuu, umengoja juma zima, na hukumwona. Mimi siku nzima ile niliomba asionekane. Nilifurahi walipomkata. Nilitaka alijue hilo.

Hakukasirika. Aliendelea na majani.

"Nilimuona," alisema.

Nikasema mama, walimkata.

"Ule mutoto wa masikio makubwa, wa mwisho kuonekana kwenye mustari. Bote banashikana mabega. Kwenye bega yake kuko mukono. Ule mukono ni wa Yav. Kidole kidogo kimepinda." Alinyoosha kidole chake mwenyewe akakikunja kunionyesha. "Njo mi nilimuvunjaka, na mulango, kule Sandoa, angali mudogo. Nililia kumupita yeye. Banakata sura, banasahau mukono."

Sikuuona. Nilikuwa natazama nyuso, kama wote. Niliuliza ulikaa muda gani. Akasema kidogo, lakini ulikuwa unatembea, vidole vilikuwa vinafuata ngoma.

Lori likaingia avenue. Lilisimama mbele, mtu akashuka, akaita jina ambalo si letu, akapanda tena. Likaondoka.

Mama mkwe alisogea akanipa nafasi kwenye mkeka. Nilichukua majani mengine tukachambua mpaka yakaisha.