Makala ya Jicho Niliyoitazama Mara Mbili

Kwa Mama Veronika, mke wangu, hapo nyumbani Ihanja.

Salamu nyingi. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na ule mgongo umetulia. Mimi huku Mtwara kwa binti yetu ni mzima, nakula, nalala, na kikohozi nilichoondoka nacho kimenichoka kikaenda zake. Tabu, mdogo wangu, wewe unayemsomea wifi yako, shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba. Sasa soma kama nilivyoandika, usiongeze pilipili yako.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Veronika alitaka anisaidie, ati yeye ni mwalimu. Nikamwambia mimi nilijifunza kwenye darasa la watu wazima nikiwa tayari nina ng'ombe wa kwangu, na mwalimu wetu alisema herufi zangu anaweza kuzisoma mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Imenichukua siku tatu. Kalamu ni nyepesi kuliko jembe lakini mkono unauma zaidi.

Ningepiga simu, ila unajua mwenyewe. Tangu niondoke, nikipiga anapokea Tabu. "Kaka, wifi yuko shambani." Shambani jua la saa saba, na macho yale? Juzi nilikusikia kabisa pembeni ukisema, "Mwambie nimelala." Mtu aliyelala hasemi kwamba amelala. Sikukasirika. Nakujulisha tu kwamba nilisikia.

Habari za huku ni njema. Banda la kuku nililoitiwa nimelimaliza, na fundi wa hapa alikuja kulitazama akaondoka bila neno, ukajua limemwingia. Kwa hiyo mchana, Veronika akiwa shuleni, nakaa na televisheni. Najua nilikuwa nasema ni kitu cha wavivu. Neno hilo nalifuta, siyo lote, nusu yake.

Kwanza kuna tamthilia ya nchi za mbali. Wamewatilia Kiswahili mdomoni, mtu anafunga mdomo na neno bado linatoka. Kuna mama tajiri hataki mwanawe amwoe binti wa fundi viatu, na kila siku analia na hereni zake masikioni. Siku ya pili tu nilimwambia Veronika, "Yule binti ni mtoto wa kaka wa huyo mama, yule waliyesema alipotea." Akasema, "Baba, subiri kwanza." Wiki ya tatu ikatokea vilevile. Sasa jirani yetu Mzee Likonde, mvuvi aliyestaafu, anakuja kila jioni kuniuliza kesho itakuwaje. Namwambia. Lakini lazima niwasifu, wale watu wanajua kulia. Mimi sijawahi kulia msibani vizuri namna ile.

Halafu kuna zile wanazoziita makala, maana yake ni picha za mambo ya kweli, hakuna anayeigiza. Hizo ndizo zimenishika. Nimeona moja ya watu wa milimani wanarina asali kwenye genge. Siyo mti, mama, ni genge, jiwe limesimama wima, na chini mto unaonekana kama uzi. Mtu ananing'inia kwenye ngazi ya kamba, nyuki wamemfunika kama blanketi jeusi, na yeye anakata sega taratibu kama anayekata mkate. Unanijua mimi. Mizinga ya msitu wa Itigi niliyoipanda mimi, wanaume wengine waliitazama kutoka chini wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Lakini yule mtu nilimvulia kofia. Veronika akacheka, "Baba, hakuoni." Nikamwambia sikuvua ili anione.

Sasa Tabu, hapa soma polepole.

Ikaja makala ya jicho. Kulikuwa na bibi wa nchi nyingine, mlimani huko huko, ana mtoto wa jicho kama wewe, ila yeye macho yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda. Anaongozwa na mumewe kwa fimbo, mzee anashika mbele, bibi anashika nyuma. Wakatembea siku nzima kufika kwa daktari. Nilipoona wamemlaza mezani, nikasogeza kigoda mpaka Veronika akasema, "Baba, unaziba." Nikamwambia niache. Nilikuwa natafuta ile sahani.

Unaijua sahani ninayoisema. Si mimi niliyekuambia, na kuwaambia watu wa Ihanja wote, kwamba wale madaktari wanaling'oa jicho wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha, na wakilikosea wanakuwekea la mbuzi? Nilisema nilikuwa namjua mtu wa Manyoni lililomkuta hilo. Sikuwa namjua. Nilimsikia mtu mnadani akisema anamjua.

Mama Veronika, sahani sikuiona. Jicho halikutoka. Lilikaa palepale lilipo. Daktari alichana kidogo sana, nafasi ya kupita ukucha, akatoa kitu cheupe kama punje ya hindi bichi, akaingiza kioo kidogo chepesi, basi. Wewe unajua mimi nimehasi madume ya kijiji kizima na mkono wangu haujawahi kutetemeka. Lakini ule mkono wa daktari ni mkono mwingine. Hata pumzi yake niliona ameizuia, nami nikazuia yangu mpaka Veronika akanigonga mgongoni.

Kesho yake asubuhi wakambandua kitambaa. Bibi akainua mikono yake. Akatazama vidole vyake, akavigeuza, akatazama viganja. Halafu akamtazama mumewe, akamwambia neno. Maandishi ya chini yalipita upesi, Veronika akanisomea: "Anamwambia, mbona shati lako limechanika, hakuna aliyekuambia?"

Siku mbili baadaye waliirudia makala ile. Nikaitazama tena kuanzia mwanzo, nikiwinda hila. Hakukuwa na hila.

Tangu siku hiyo namkumbuka yule nesi wa Ikungi. Mlikuwa mmepanga foleni nje ya kituo cha afya, siku wale madaktari wa macho walipokuja, nawe ulikuwa umebakiza watu wanne. Walikuwa wameshakubandika ile plasta juu ya jicho, ya kuonyesha ndilo litakalotengenezwa. Nikaja na baiskeli kutoka nyumbani. Nesi akaniambia kwa adabu, "Shikamoo mzee. Hatutoi jicho nje, usiogope." Nikamjibu, "Wewe umeshawahi kung'olewa ukajua?" Watu wakacheka, nami nikaona nimeshinda. Nikakubandua plasta kwa mkono wangu, mbele yao wote, nikakuweka nyuma ya baiskeli. Kutoka Ikungi mpaka Ihanja hukusema neno. Nilidhani umenielewa.

Tabu ameniambia mambo mawili, ingawa ulimkataza, na usimgombeze. La kwanza, jicho la pili, lililokuwa na ukungu siku zote, nalo sasa linaziba, na juzi ulimimina uji wa moto ukakupata mkononi, kikombe kilikuwa upande mwingine. La pili, madaktari wanarudi Ikungi mwezi ujao, na walipokuja kuandikisha ulisema, "Sitaki. Nilishatolewa kwenye foleni mara moja, mara ya pili aibu yake siiwezi." Na kwamba bila wewe kuandikwa tena mapema, nafasi zitajaa.

Nimelisoma neno hilo kichwani mwangu siku nyingi. Mimi siyo mtu wa kusema nimekosea, unanijua, na hata sasa sisemi nimekosea yote. Ile foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, hapo nilikuwa sawa. Lakini la jicho nilikosea, tena nilikosea kwa sauti kubwa mbele za watu. Kosa la namna hiyo halirekebishwi chumbani.

Kwa hiyo nakuja. Sikungoji unijibu kwa simu. Nitapanda basi siku ya pili baada ya kuondoka mwalimu huyu anayekuletea barua, mwenzake Veronika wa shuleni anayesafiri huko, nitashukia Ikungi kabla ya kufika nyumbani, nimtafute yule nesi, nimwambie mbele ya wagonjwa wake, "Mimi ndiye yule mzee wa plasta. Andika jina la mke wangu." Akitaka kucheka, acheke. Kazi yako ni moja tu, kukubali kukaa nyuma ya baiskeli tena. Hata usiponisemesha njia nzima, sawa, nimezoea. Ukikataa pia nitakuwa nimejiandikisha kuwa msindikizaji wa mtu asiyekuja, nami nitakaa pale kwenye benchi mpaka wafunge.

Nisalimie kaka yako Yohana, shemeji yangu, mwambie yule fahali nitamwona nikifika, asimwuze kwa haraka zake. Msalimie mama yako mdogo wa pale barabarani, mkwe wangu, shikamoo yake nampa. Msalimie mwanangu Elisha na mkewe, alizeti wasivune kabla haijainama vizuri. Na wewe Tabu, asante kwa umbea wako, safari hii umesaidia.

Jambo la mwisho, Mama Veronika. Miaka hii mitatu hujaniona sawasawa, na ulipokuwa unauliza nilikuwa nakujibu niko vilevile. Siyo kweli. Mvi zimefika mpaka kwenye nyusi, na meno mawili ya mbele hayapo. Nakwambia mapema, ili siku watakapokubandua kitambaa usije ukamwuliza nesi, huyu mzee aliyesimama hapa ni wa nani.

Ni mimi mume wako,
Baba Veronika,
nimeandika mwenyewe.